Mlango Wangu Barazani

Jana mchana, nimeshiba maharage na usingizi umenilemea, niliota mlango wa chumba changu unaniita kwa jina. "Mbaruku, inuka, tunachelewa barazani."

Sikushangaa. Nilichojiuliza ni utatembeaje, maana umelala upande, ukiusukuma unakwaruza sakafu. Ugomvi wangu na Bi Tatu, mwenye nyumba, ni huo huo. Asubuhi aliniambia, "Mwanangu, cha ndani cha mpangaji, cha nje changu. Mlango umeuharibu, lete fundi. Magharibi ikifika haujatengenezwa, tafuta kwingine." Na mimi kwingine sina, jamani!

Basi naushika mlango kitasa, tunatoka. Tunapita uani, tunaingia jikoni, kumbe jikoni ndiko barazani. Mwenyekiti ni tangi la maji. Bi Tatu amekwisha kaa mbele, mkoba magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na mgonjwa wako?"

"Kesi nyepesi hii," linasema tangi. "Mlango, wewe ni wa ndani au wa nje?"

"Inategemea," unajibu mlango. "Nikifunguliwa naingia ndani mzima mzima. Nikifungwa, uso mmoja unapigwa mvua, mwingine unasikiliza redio."

"Basi kila mmoja atengeneze uso wake."

"Nyuso hazijambo. Naumwa bega."

Bi Tatu anaruka. "Ameubamiza huyo! Namwambia kila siku, usipoziba ufa utajenga ukuta!"

"Ni kweli, Bi Tatu," linasema tangi, "ila methali haikusema saruji anunue nani."

Nilifurahi mpaka nikajionea aibu. Lakini udadisi ukanishinda, nikauliza bega liliumia lini.

"Halikuumia," unasema mlango. "Bawaba yangu ya juu iliondoka, imeolewa kwa kuku. Mimi nikazibwa matundu kwa sabuni, nikapakwa rangi juu yake, ikawa kimya."

Kufumba na kufumbua niko ndani ya banda la kuku, magoti yamenigusa kidevu. Kuku wameketi mkekani kama watu wenye mgeni.

"Karibu, baba," anasema mtetea mmoja mwekundu. "Mkwe wetu huyu hapa." Ananionyesha bawaba ya bluu mlangoni. "Kabla hajaja, kicheche aliingia alipotaka. Ukimchukua, tutakwisha."

"Simchukui. Nataka kujua tu aliyemleta."

Mtetea anageuza shingo. Pembeni ameketi Bi Tatu, mkoba magotini, anafungua mdomo kunijibu.

"Mbaruku! Fundi yuko wapi? Jua hilo linakwenda!"

Sauti ilitoka uani, ya kweli kabisa, nami niko kitandani natoka jasho. Niliinuka kabla sijamjibu. Nikapanda kwenye kigoda, nikaukwangua mlango kwa ukucha pale juu, penye bega. Rangi ilibanduka. Chini yake palikuwa peupe. Nikanusa, sabuni ya kufulia!

Loo! Nilikwenda moja kwa moja bandani. Kila siku napita pale nikienda kuoga, sijawahi kuinua macho. Mlango wa banda umeshikwa na bawaba mbili, ya chini imeliwa na kutu, ya juu ni ya bluu kama mlango wangu.

Bi Tatu alikuja nyuma yangu, akatazama ninapotazama.

"Kicheche alikuwa ananimalizia kuku," alisema taratibu. "Wewe ulikuwa hujahamia bado. Nilisema nitanunua nyingine, nikasahau, Mungu anisamehe."

"Iache hapo hapo, mama. Kuku wako wanaihitaji."

Aligeuka. "Nani kakwambia habari hii?"

"Mlango," nikamjibu.

Nilidhani atacheka. Alikwenda ndani, akajitanda mtandio, akashika njia ya duka la vifaa huku adhana ya alasiri inaadhiniwa. Mtetea mwekundu alichungulia bandani, akamtazama mpaka akapinda kona.