Kilio ya Kaporali Mwenze

Kaporali Mwenze alikufa na ugonjwa ya moyo ku Nchelenge, ku ngambo ya ziwa, fasi aliishi tangu vita imufukuze Kongo. Alikuwa mutu mupole, mwenye kushona nyavu za bavuvi. Lakini mu kanisa hakukubali hata siku moja kupokea komunyo, na bwato za Kilwa, ile ya upande wa Kongo, zikifika ku soko, alijifungia mu nyumba.

Bibi yake wa ndoa, Angèle, peke yake alijua sababu. Wakati basoda balikuwa banakimbia vita, kapiteni Guylain aliamuru bavuvi batoe mabwato yao. Balikataa. Kapiteni akabaelekezea bunduki, na Mwenze akamupiga kichwa na kitako ya bunduki yake. Kapiteni akaanguka mu matete, damu inamutoka mu sikio. Mwenze alivuka ziwa pamoja na bale bavuvi. Ku ngambo alimuambia Angèle: "Nimeua mutu. Batoto basijue."

Sasa, batu bakiwa mu kilio, mwanamuke mumoja wa kitambaa cheusi alifika kutoka ku bwato.

"Hapa ni kwa Mwenze, ule alikuwa soda?" aliuliza. "Miye ni Yolande, bibi ya kapiteni Guylain."

Angèle alifikiri amekuja kuuliza damu ya kapiteni, na mwenye kujibu hayuko tena.

"Mama," alisema polepole, "kama ni juu ya kifo ya bwana yako, uniulize miye. Batoto habajui kitu."

"Kifo gani? Bwana yangu alikufa mwaka jana, ku kitanda yake, na ugonjwa ya sukari. Nilikuwa namushika mukono."

Angèle alimuangalia. "Aliamuka?"

"Aliamuka. Basoda balimubeba. Sikio moja haikusikia tena, na ile ingine ilisikia tu kile alipenda." Bamama ba kilio bakacheka kidogo. "Alisema siku zote kwamba Mwenze alimuzuia kuua batu benye habakuwa na silaha. Alimutafuta mpaka Chienge, hakumupata. Juzi mama mumoja wa kuuzisha samaki akataja hii kilio, nikapanda bwato."

Angèle akafunika uso na kitenge. Miaka yote alifua mashati ya muuaji, kumbe hakukuwa muuaji.

"Angebaki hai mpaka leo," alisema, "angesikia."

"Twende tumuambie," Yolande akajibu.

Ku kaburi, kabla ya udongo kurudishwa, katekista alimuachia Yolande nafasi. Alisema na sauti ya kawaida, kama mutu anaongea na jirani:

"Mwenze, haukuua mutu. Guylain alisema aksanti."

Mangaribi, Fidélie, binti yao mukubwa, aliletea mama yake bukari, ugali ya mihogo, na samaki. Angèle alikula yote, akaomba ingine. Tangu Mwenze afe, hakukuwa amekula kitu.

"Mama," Fidélie aliuliza, "ule mama alikuwa anasema juu ya nini?"

Angèle alinawa mikono, akaita batoto bote bakae karibu, akaanza kubaelezea baba yao alikuwa nani, tangu ku mwanzo, bila kupunguza sauti.