Kidevu cha Mutanu

"Yesu wangu! Mutanu, mdomo wako!"

Hivyo ndivyo mwenzake wa kwaya alivyopiga ukelele katikati ya wimbo, kanisa zima likisikia. Mutanu akajigusa. Midomo upande wa kulia ilikuwa inaimba vizuri tu, lakini upande wa kushoto umegoma, umelala. Na kidevu? Alijifinya, akajifinya tena kwa kucha. Hakusikia kitu. Ilikuwa kama anafinya kidevu cha mtu mwingine. Kinanda kikanyamaza, akina mama wakamzunguka, mmoja akaanza kukemea kwa jina la Bwana papo hapo.

Huku Kilungu habari haitembei, inaruka. Kabla ibada haijaisha, hata wauza maembe wa kule chini barabarani walikuwa wanajua kwamba mke wa Ndolo amepinda mdomo. Ndolo mwenyewe akamkimbiza zahanati. Daktari akampima presha, akamwambia ainue mikono, akunje uso, atoe ulimi.

"Hii si stroke," akasema. "Presha yako ni ya msichana. Umefanyiwa kitu usoni juzi juzi? Umeng'olewa jino? Umedungwa sindano?"

"Hapana, daktari," Mutanu akajibu, mumewe amekaa kando yake. Mama mzima wa kanisa akadanganya, siku ya Jumapili, mchana kweupe!

Maana alikuwa amefanyiwa. Wiki iliyotangulia alimuaga Ndolo kwamba anaenda semina ya akina mama Machakos. Hiyo Machakos aliipita bila hata kushuka. Akaenda hadi Nairobi, kwenye kliniki moja ya ghorofani. Kilichompeleka ni picha. Wakwe walipoleta mbuzi wa ntheo, wale wa kumposa binti yake Syombua, kijana fulani alipiga picha akazimwaga kwenye WhatsApp, na Mutanu akajiona: kidevu, halafu chini yake kidevu kingine, kimejaa, kimetulia kama mgeni asiyetaka kuaga. Harusi ilikuwa Agosti. Akaapa kwamba hicho cha pili hakitahudhuria.

Kule kliniki walimbandika kikombe cha mashine chini ya taya. Kikamnyonya nyama, kikawa baridi hadi machozi yakamtoka, kisha pakafa ganzi. Kisu hakuna, damu hakuna. "Mafuta yanaganda, yanakufa, mwili unayatoa wenyewe polepole," binti mwenye koti jeupe akamwambia. "Baada ya miezi miwili, mitatu, utaona."

Basi Jumatatu asubuhi alijificha nyuma ya ghala la mahindi, akampigia yule binti.

"Aa, hiyo hutokea kwa wachache," binti akasema, kama anayezungumzia mvua. "Baridi imegusa neva. Itarudi yenyewe, ni wiki kadhaa tu. Pole, mama."

Itarudi! Mutanu nusura apige vigelegele. Akajipangia mambo: atanyamaza, mdomo utarudi, kanisa litasema ameponywa, Mungu atapewa sifa, yaishe. Nani ataumia? Akajiuliza hivyo, akajijibu kwamba hakuna.

Jioni hiyo Muthama, kaka yake Ndolo, akaja na kiti chake kabisa, akakaa.

"Kama si presha, basi ni mkono wa mtu," akasema. "Mke wa ndugu yangu, kabla ya haya, ulikula kwa nani?"

Mutanu akajibu bila kufikiri. "Ijumaa nilikula mahindi ya muthokoi kwa Mbula."

Mbula ni mjane wa ng'ambo ya kijia, mama mtu mzima, ambaye wamelimiana mashamba miaka na miaka. Ndiye aliyemlea Syombua wakati Mutanu alipolazwa. Muthama naye hajawahi kumsamehe, tangu mama huyo alipokataa kumuuzia kipande cha shamba chenye parachichi.

"Mbula," Muthama akasema, akitikisa kichwa taratibu. "Nilijua."

Mutanu akafungua mdomo aseme. Akamwona Ndolo anamtazama kwa huruma, mikono ina unga kwa sababu ni yeye aliyekuwa anampikia uji, na akaikumbuka ile semina ya Machakos. Akaufunga mdomo. Hapo alikosea, na mimi simtetei hata kidogo.

Kesho yake hakuna aliyenunua parachichi za Mbula. Watoto wa shule wakapitishwa njia ya mbali. Mbula, ambaye hajaambiwa lolote usoni, akatuma pole na bakuli la muthokoi lililofunikwa kwa kitambaa safi. Muthama akalimwaga kwa mbwa. Mbwa akala, akalamba bakuli, akatingisha mkia, na mdomo wake haukupinda. Lakini nani alimtazama mbwa?

Alhamisi mchana Mutanu alikuwa anafua aliposikia makelele. Akatupa nguo, akakimbia. Vijana wamejaa uani kwa Mbula, mmoja ameshika mtungi wa mafuta taa, na Muthama yuko mbele anatoa amri: "Funga virago vyako! Jua likizama uko hapa, nyumba inawaka!" Mbula amekaa mlangoni kwenye kigoda, mikono magotini. Na Ndolo! Ndolo wake, mzee wa kanisa, amesimama pale na mikono nyuma.

"Wacheni!" Mutanu akapaza sauti. "Si yeye! Ni mimi! Nilienda Nairobi kugandishwa mafuta ya kidevu!"

Wakamgeukia wote.

"Kugandishwa nini?" Ndolo akauliza.

"Mafuta! Ya kidevu! Wanaweka mashine, inanyonya, yanaganda, yanakufa, halafu yanaisha yenyewe. Baridi ndiyo imegusa neva!"

Muthama akajishika kichwa. "Ee Mungu. Mnasikia? Mafuta ya mtu aliye hai yagandishwe, bila kisu, bila damu, halafu yapotee yenyewe? Na yeye mwenyewe ajipeleke? Huu ndio uchawi wenyewe, sasa umepanda hadi kichwani! Anaweweseka!"

"Pole, mama," kijana mwenye mtungi akasema kwa upole kabisa, akaanza kuufungua.

Ukweli anao, na haumsaidii! Mutanu akatoa simu kwenye leso, akampigia yule binti wa kliniki, akaweka sauti nje, akaiinua juu.

"Haloo, Mama Syombua!" Ile sauti tamu ikajaa uani. "Kidevu kinaendeleaje? Mdomo umeanza kurudi? Na usisahau, awamu ya pili ya kugandisha ni mwezi ujao!"

Kijana akafunga mtungi. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, macho chini, kama watu waliokosea harusi. Muthama akasema, "Tulikuwa tunakutetea wewe," akafuata. Pole hakutoa.

Ndolo akabaki kidogo. "Machakos," akasema. "Semina." Akaenda zake.

Mutanu akapiga magoti mbele ya kigoda. "Mwaitu, mama yangu, nisamehe. Nimekukosea sana. Lakini yameisha, umeona? Wamejua wote."

"Ulijua tangu lini kwamba ni hiyo mashine?" Mbula akauliza.

"Tangu Jumatatu."

"Jumatatu." Mbula akatazama njia. "Mke wa mwanangu Nyamai amejifungua kule Kambu. Jumapili. Msichana."

"Kifungua mimba!" Mutanu akasahau yote, akatabasamu kwa upande mmoja. Nani Ukambani asiyejua msichana wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba? "Basi tuna Mbula mdogo!"

"Jana ndiyo walimpa jina. Mwanangu alinipigia, analia. Maneno ya huku yamewafikia. Mkewe amesema hawezi kumbebesha mtoto jina la mchawi. Wamempa la mama wa huyo mkewe."

"Hapana! Hapana, mwaitu! Nitampigia Nyamai sasa hivi, nitamwambia mwenyewe, watabadilisha..."

"Mtoto ameshaitwa, ameitika. Jina si kofia ya kuvua na kuvaa, mwanangu."

Mbula akainuka, akachukua kigoda chake, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Mutanu akabaki pale kwenye magoti, simu mkononi, na hakuwa na mtu wa kumpigia.