Alfajiri Iliyopigwa Jioni

Nyumbani kwa Neelavva, mjini Dharwad, kulikuwa na kabati zima la santuri, lakini zilizopigwa kila siku zilikuwa mbili tu. Nyingine mumewe alizitoa, akazipangusa, akawaonyesha wageni, kisha akazirudisha. Hizo mbili hazikuingia kabatini kamwe. Zilikaa juu ya meza ndogo kando ya gramafoni, moja kushoto na moja kulia, na majalada yake Neelavva alikuwa ameyashona pembeni kwa uzi, maana gundi ilikwisha zamani.

Ya kushoto ilikuwa ya alfajiri. Aliimba mwanamke mwenye sauti nyembamba iliyopanda taratibu. Ya kulia ilikuwa ya machweo, na mwimbaji wake alikuwa mwanamume mwenye sauti nzito, mtu asiye na haraka na jambo lolote duniani. Katika nyumba ile kila mahadhi yalikuwa na saa yake, na hilo halikuwa na mjadala. Mumewe, Murigeppa, karani wa reli aliyestaafu, alikuwa mkali zaidi ya wote. Siku moja mgeni alimwomba apige ile ya machweo wakati wa adhuhuri. "Basi kaa mpaka jioni," Murigeppa akamjibu. Mgeni akakaa. Akala, akalala, akaamka, akaisikiliza.

Sasa Murigeppa alikuwa amezeeka, na akili yake ilikuwa imepoteza saa. Majina alikuwa bado anayapata mara mojamoja, lakini saa zilimtoka kabisa. Aliamka usiku wa manane akitafuta viatu vya kazini. Mchana kweupe aliuliza kwa nini taa hazijawashwa. Daktari alimpa vidonge, havikusaidia. Kilichosaidia Neelavva alikigundua bila kukitafuta. Alfajiri moja, kwa uchovu tu, aliweka santuri ya kushoto, iliyokuwa haijapigwa tangu ugonjwa uanze, ili apate kitu cha kumfariji yeye mwenyewe. Murigeppa akainuka mwenyewe kitandani. Akaenda kuoga. Akajipaka jivu takatifu kwenye paji la uso, akalitoa linga lake dogo, alama ya Mungu wake aliyoivaa shingoni, akaliweka katika kiganja cha kushoto, akasali kama alivyosali tangu ujana wake. Jioni Neelavva akaweka ya kulia, na mzee akatulia, akala, akalala mpaka kukacha.

Tangu siku hiyo santuri mbili zile ndizo zilizokuwa saa ya nyumba. Neelavva alimshukuru Mungu, na hakumwambia daktari kitu.

Tatizo lilikuwa Mahananda, binti yao, aliyekuja kutoka Bengaluru kuwachukua wote wawili.

"Mama, hii si tiba," alisema Mahananda huku akimenya vitunguu. "Siku ukiumwa wewe, nani atageuza santuri?"

"Mimi siumwi."

"Juzi ulianguka bafuni. Jirani kaniambia."

"Niliteleza. Kuteleza na kuanguka ni vitu viwili."

"Vyote vinaishia sakafuni, Mama."

Neelavva akakoroga mchuzi uliokuwa hauhitaji kukorogwa.

"Chumba chenu nimeshakitayarisha," Mahananda akaendelea. "Ghorofa ya tisa, hakuna mbu, hospitali iko ng'ambo ya barabara."

"Na alfajiri huko inaingilia wapi?"

"Dirishani, Mama! Kama kwingine kote."

"Magari yanaanza kelele kabla ya ndege. Atajuaje?"

Wakabishana hivyo siku mbili, kwa sauti ya chini ili mzee asisikie. Mwishowe wakakubaliana jambo moja: aulizwe mwenyewe. Akisema naenda, wataenda. Akisema sitaki, Mahananda atapanda treni peke yake na hatalileta tena neno hilo. Lakini kumuuliza kulitaka asubuhi. Baada ya santuri ya kushoto, Murigeppa alikuwa mtu mzima na akili zake kwa kitambo kizuri. Alitania, aliuliza bei ya mahindi, alimwita binti yake Nandi, jina la utotoni. Kisha mlango ule ulijifunga. Na asubuhi zote mbili Mahananda alikuwa mbele ya kompyuta, akifanya mkutano na wakubwa zake. Alipotoka, baba yake alimtazama kwa adabu kama anavyotazamwa mgeni wa jirani. Sasa tiketi za treni zilikuwa za kesho kabla ya mapambazuko, na hapakuwa na asubuhi nyingine.

Jioni hiyo Mahananda alimsukuma mama yake aende kwenye mahubiri. Ulikuwa mwezi mtakatifu wa Shravana, na katika matha, nyumba ya watawa iliyokuwa mwisho wa mtaa, swami, mtawa mkuu, alihubiri kila siku. Neelavva alikuwa hajaenda hata mara moja mwaka ule.

"Nenda, mimi nipo. Nisije nikasingiziwa kwamba nilikuzuia usimwone Mungu."

"Taa zikiwashwa, piga ya kulia."

"Ya kulia. Mama, mimi nimezaliwa humu ndani!"

Neelavva akajifunika kichwa kwa pindo la sari, akaenda. Akaketi nyuma pamoja na wanawake wengine, akafumba macho, akaomba mumewe aseme sitaki. Mara akaona haya. Akaomba upya kwamba mumewe aseme lile lenye heri kwake, liwe lipi liwe. Akatulia kidogo. Halafu, bila kutaka, moyo wake ukarudi kwenye ombi la kwanza, na humo ukakaa. Swami alikuwa akizungumzia kuachilia. Neelavva aliona kama anasemwa yeye, akainuka kabla ya mwisho.

Alipokata kona ya mtaa wao, aliisikia.

Jua lilikuwa linazama. Kunguru walikuwa wanarudi mitini. Na kutoka dirisha la nyumba yake ilikuwa inatoka alfajiri. Sauti ile nyembamba ya mwanamke ilikuwa inapanda polepole, upande wa pili wa santuri, karibu na mwisho. Neelavva akasimama. Mwili wake mwenyewe ulidanganyika: mkono ulikunjuka kutaka kuchuma maua ya sala uani. Ikiwa mimi mwenye akili nadanganyika hivi, akawaza, yeye je? Akaanza kukimbia, mama mzima, viatu vikipigapiga.

Mahananda alikuwa jikoni, uso unang'aa.

"Mama! Ameniita Nandi! Ameoga mwenyewe, sasa hivi anasali. Namchemshia chai, akimaliza namuuliza."

"Umepiga ya kushoto."

"Najua saa yake, usinigombeze. Nimepiga mara moja tu." Mahananda akashusha sauti. "Yule wa jioni hanijui, Mama. Nilimtaka yule wa asubuhi."

Neelavva hakumjibu. Alikwenda chumba cha sala. Kitambaa kibichi kilikuwa kimetundikwa, mkeka wa kusalia ulikuwa umekunjwa vizuri, na Murigeppa hakuwapo. Msumari uliokuwa ukining'iniza chungu cha shaba cha maziwa ulikuwa mtupu. Mlango wa uani ulikuwa wazi.

"Ameenda wapi?" Mahananda aliuliza, mkono mdomoni.

"Huwa anaenda wapi akishasali? Ameenda kununua maziwa."

Miaka yote, kabla ya ugonjwa, Murigeppa alikwenda mwenyewe kila asubuhi kwenye zizi la Bhimshi, mfugaji wa nyati wa maziwa. Wakaelekea huko, mama mbele na binti nyuma. Njiani Neelavva alitaka kuita, lakini kwa desturi jina la mumewe hakuwa amelitamka hata siku moja tangu aolewe, na ulimi ulikataa. "Baba Nandi!" akawa anaita. "Baba Nandi!" Watu wakageuka.

Bhimshi alikuwa amechuchumaa chini ya nyati, anakamua.

"Mzee? Kapita hapa. Kanikagua maziwa kama afisa wa afya, kachovya kidole, kaonja. Eti, 'Leo nyati wako wamewahi kuamka.' Nikacheka, nikajua ananitania. Nimemjazia chungu."

"Ukamwacha aende?"

"Mama, mteja kachukua maziwa, nimfunge kamba? Kashika njia ya kilimani. Kasema anakwenda kutazama jua."

Walimkuta juu, kwenye ukuta mfupi wa uwanja wa shule, mahali alipozoea kupumzika. Ameketi ameelekea mashariki, chungu katikati ya miguu, viganja vyote viwili juu ya kifuniko. Alikuwa anatetemeka. Jivu la paji la uso lilikuwa limechirizika kwa jasho.

"Umekuja," akamwambia mkewe. "Tazama. Jua limegoma."

"Baba Nandi."

"Nimengoja lichomoze, na giza linazidi. Nimesali. Nikasali tena. Labda nimesali vibaya."

Mahananda akapiga magoti mbele yake, akatoa simu. "Baba, si asubuhi, ni jioni. Ona saa hii hapa."

Murigeppa akainama, akasoma. "Saa moja." Akainua macho yenye hofu kwa mkewe. "Unaona? Saa moja, na giza namna hii!"

Mahananda akairudisha simu mfukoni.

Neelavva akaketi ukutani kando ya mumewe. Gramafoni ilikuwa mbali, na kumburuta mtu huyu nyumbani akiwa na hofu hiyo asingeweza. Akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya katika maisha yao. Katika nyumba yao mjuzi wa muziki alikuwa Murigeppa, na yeye alikuwa mgeuzaji wa santuri. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akiimba, isipokuwa watoto wachanga. Akakohoa kidogo, akamwomba Mungu ampe sauti, akaanza ile ya machweo kutoka mwanzo kabisa, pale mwimbaji anapoonja tu sauti moja na kukaa juu yake kabla ya neno lolote.

Sauti yake ilikwaruza. Mahananda aliangalia chini. Neelavva akaendelea, akapanda, akashuka, akapanda tena.

"Umepanda mapema," Murigeppa akasema.

"Basi imba wewe."

"Hapo unakaa kwanza. Unakimbilia wapi? Nani anakufukuza?"

"Nakaaje?"

Akamwonyesha, kwa kuvumisha mdomo umefungwa, mkono mmoja ukiondoka kwenye kifuniko na kukata hewa polepole. Neelavva akamfuata. Akakosea, akasahihishwa. Akakosea palepale tena, akasahihishwa kwa ukali zaidi. Mabega ya mzee yakashuka. Kutetemeka kukapungua, halafu kukaisha bila mtu kuona kumeisha lini. Akageuka nyuma kutazama magharibi, ambako ulikuwa umebaki mstari mwekundu juu ya mapaa.

"Kumbe jioni," akasema.

"Ndiyo, jioni."

"Nani kapiga ya alfajiri?"

"Mimi, Baba," Mahananda akasema.

Murigeppa akamtazama kwa makini. "Na wewe ni mtoto wa nani?"

"Wako."

"Haiwezekani. Mtoto wangu angejua."

Mahananda akacheka, na machozi yakamtoka humohumo kwenye kicheko. Akayafuta kwa kiwiko. Kisha, kwa kuwa ndilo lililomtoa nyumbani kwake na kumleta huku, akauliza. "Mzee, una binti Bengaluru. Anataka mwende mkakae kwake, wewe na mama. Utaenda?"

Neelavva alishika ukingo wa ukuta. Ombi lake la kwanza kule kwenye matha likamrudia lote moyoni, na safari hii hakulionea haya.

Murigeppa akafikiri, akachukua muda wake kama ilivyokuwa kawaida yake. "Muulize huyu," akasema akimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Mimi saa zangu anazo yeye."

Hivyo lile jibu Neelavva alilokuwa amemwachia Mungu na mumewe likarudishwa mikononi mwake. Binti yake alikuwa anamtazama. Angeweza kusema hatuendi, na mambo yangeishia hapo, kwa mapatano yao wenyewe. Alifungua kinywa aseme hivyo. Lakini alikuwa ametoka kukimbia mtaa mzima, na goti lililogonga sakafu ya bafu lilikuwa linamuuma, na alijua kwamba siku yoyote mlango wa uani ungeweza kuachwa wazi hata na yeye.

"Hatuendi," akasema. "Kule atapotea ndani ya chumba." Akavuta pumzi. "Lakini peke yangu siwezi, Nandi. Nilikuwa najidai. Na nilianguka, sikuteleza."

Mahananda hakusema "nilikwambia". Alisimama, akajikung'uta magoti.

"Wakubwa wangu nitawaomba nifanyie kazi huku mpaka sikukuu ya Diwali. Mkutano ni kompyuta tu. Wakikataa, tutajua la kufanya."

"Na mumeo?"

"Atajifunza kupika. Ana mikono miwili."

"Na treni?"

"Si iende tu, Mama. Inajua njia."

Neelavva akabeba chungu, Mahananda akamshika baba yake mkono, wakateremka. Ilikuwa imeshaingia giza kweli, na taa za mtaa zilikuwa zinawaka mojamoja. Walikwenda polepole mno, kwa sababu Murigeppa kila hatua chache alisimama kumweleza mwanamke huyu asiyemfahamu, aliyekosea jambo dogo namna ile, kwamba sauti ya jioni haipandi mpaka iwe imekaa, na inakaa hapa, akavumisha, si hapo. Mahananda akamwambia arudie, hajaelewa vizuri. Naye akarudia.