Fundi wa Kwenye Droo ya Vijiko

Asubuhi ile Clive, mumewe, alipofariki hospitalini, Rosalind alirudi nyumbani peke yake. Hata viatu hajavua, koti la mumewe lililotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni likapaza sauti: "Amka, mvivu! Chai inapoa!"

Mfukoni mwake kilikuwamo kikompyuta cha mkononi cha Clive, kipana kama mfuko wa miwani, chenye vitufe vidogo alivyokuwa akividonoa kwa dole gumba hata mezani. Alikuwa ameirekodi sauti yake iwe kengele ya saa moja. Rosalind alizoea kumtania: "Umekioa hicho. Mimi mpangaji tu." Asubuhi ile alikaa chini sakafuni.

Enid, mama yake Clive, aliposikia kwamba sauti ya mwanawe bado inatoka kila asubuhi, akawa anakuja kila siku kabla ya saa moja, koti juu ya gauni la kulalia. Sauti ikitoka, anacheka huku akijifuta macho. "Mvivu alikuwa yeye! Kitandani nilikuwa namtoa kwa kitambaa cha maji baridi."

Majira ya baridi yalipoanza, kioo kikafifia, kikidai betri. Rosalind akanunua zile mbili kubwa pamoja na ile ndogo ya mviringo, ili kazi ifanyike vizuri. Akazitoa zote, akapangusa ndani kwa pamba, akaweka mpya. Kidude kikawaka, kikamuuliza leo ni tarehe ngapi. Hakikuwa na kitu kingine, wala ile sauti.

Hapo ndipo alipomkumbuka Clive akimwambia, "Usizitoe zote pamoja, Rozi. Kubwa zikitoka, ndogo ndiyo inayoshikilia kumbukumbu." Rosalind wakati ule alikuwa akijaza fumbo la gazeti, akaitikia "mm" bila kuinua kichwa.

Kesho yake alimwambia Enid, "Kiko kwa fundi, Mama."

"Mwambie asiguse sauti."

"Nimemwambia."

Enid aliendelea kuja. "Bado? Huyo fundi anaunda meli?" Rosalind akawa anageukia birika ili asitazamwe usoni.

Asubuhi moja Enid akavuta droo kutafuta kijiko. Akakitoa kile kidude.

"Kumbe fundi anaishi humu, na vijiko."

Uso wa Rosalind ukawaka moto. "Nimemfuta, Mama. Nilitoa betri zote. Clive aliniambia, mimi sikumsikiliza."

Enid akakifungua kidude, akapapasa vitufe kwa kidole, akakifunga.

"Hilo ningekusamehe palepale, mwanangu, tukalia pamoja. Lakini umeniacha nikimbie barabarani na gauni la kulalia, kila siku, nije kumsikiliza mwanangu. Na wewe unajua hayumo tena humu."

Akafunga koti lake, akatoka. Chai ya Enid ikabaki kikombeni.

Siku hizi Enid huja Jumapili, baada ya ibada, akiwa amevaa vizuri. Hubisha hodi kwanza.