Sentensi ya Redio

Ngurumo ilianzia sakafuni, ikapanda miguu ya viti, ikagonganisha vikombe vya chai mezani. Chini, mtambo ulikuwa umeanza kuchapa gazeti la jioni.

"Leo umemvua waziri nguo mchana kweupe," mhariri alimwambia mwandishi kijana. "Ila ile sentensi ya redio ningeikata. Umeing'ang'ania kama kupe."

Wenzake walicheka, wakateremka kuona nakala za kwanza. Yeye alibaki peke yake, akaisoma tena habari yake kwenye kompyuta, kwa kuionea fahari tu: "Waziri aliinama, akazima redio ya gari kwa mkono wake, ndipo akaamuru kwa simu kwamba ripoti ya daraja lililoua watu ifichwe."

Akairudia ile ya redio, neno kwa neno. Amri ile alikuwa ameithibitisha pia kwa mhandisi aliyepokea simu. Lakini mhandisi hakuwamo garini. Aliyeiona redio ikizimwa ni dereva peke yake, na dereva huyo ni mjomba wake, kaka wa mama, aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Kwa uroho wa sentensi tamu, alikuwa amemweka mjomba ukurasa wa mbele bila kumtaja. Mjomba akifukuzwa kazi tu, ingekuwa heri.

Akapiga simu.

"Haya, mpwa," mjomba aliitika. "Ushakuwa mkubwa, hata salamu hakuna?"

"Shikamoo, Mjomba. Uko wapi?"

"Marahaba. Namsubiri bwana mkubwa nje ya ofisi. Mbona sauti imekukauka?"

"Nimeandika ile ya redio. Gazeti linatoka sasa hivi."

Mwandishi akasikia mlango wa gari ukifungwa taratibu.

"Mle tulikuwa wawili tu," mjomba alisema hatimaye. "Nilikusimulia umjue mtu alivyo. Sikukwambia uandike."

"Najua. Kiburi kilinipofusha."

"Sasa wakiniuliza?"

Mwandishi alitazama viti vitupu. Kutoka chini vilipanda vicheko vya wenzake, wakimwita jina lake la utani, Mkuki. Angeweza kuvumilia lolote katika kazi hii, isipokuwa kuitwa mwongo.

"Kanusha, Mjomba. Sema mpwa wako ni mzushi, hiyo ya redio kaitunga mwenyewe. Nami nakuahidi: si gazetini, si mahakamani, sitakujibu neno."