Nyumba Tatu za Boksi

Mwamuzi wa maonyesho aliishika balbu ya nyumba ya boksi ya kati kwa vidole viwili, akaanza kuifungua taratibu, kama mtu anayemvua mtoto kofia bila kumwamsha. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa ukumbini na kapu la chakula cha shangazi na wanawe. Sikuwa na hofu. Nilikuwa nasubiri.

"Kila nyumba inajitegemea," binamu yangu alikuwa ameshaeleza, mkono kiunoni. "Moja ikizima, jirani zake hawana habari."

Aliyasema vizuri. Ni mimi niliyemfundisha kuyasema.

Nilifika kwa shangazi nikiwa darasa la tano, mwezi mmoja baada ya kumzika mama. Shangazi aliahidi mbele za watu kwamba ningesoma na binti yake, bega kwa bega. Muhula haujaisha, akajifungua mapacha. "Mmoja asome, mmoja ashike nyumba," akasema, na hakuna aliyeuliza nani ni nani. Binamu yangu akaendelea na vitabu, mimi nikaendelea na nepi. Yeye akaitwa Daktari. Mimi, kwa kuwa maneno yalikuwa yakinikwama kooni, nikaitwa Bi Kimya.

Ila kimya kina masikio. Miaka yote ile Daktari alisoma kwa sauti nilipokuwa napiga pasi, na yaliyomtoka yeye yaliingia kwangu. Nilijua kwamba umeme hauondoki kwenye betri mpaka upate njia ya kurudi. Nilijua kwamba taa zikipangwa kwenye njia moja, moja nyuma ya nyingine, ikitolewa moja zote zinakufa, kwa kuwa njia imekatika. Kila taa ikipewa njia yake, jirani akizima, nyingine inaendelea kuwaka. Yeye aliyakariri. Mimi niliyaona, kama maji mferejini.

Kwa hiyo shule ilipotangaza maonyesho ya sayansi, na cheti chenye jina la mtengenezaji, alinifuata jikoni, mpole kama paka aliyenusa samaki. "Dada yangu, nisaidie kidogo tu."

Kidogo hicho kilichukua siku tisa. Nilikata maboksi nikayabandika juu ya ubao, nikachuna waya kwa meno, nikapinda bati la kopo likawa swichi. Nyumba tatu zilipowaka kwa mara ya kwanza, nilikaa chini sakafuni nikazitazama mpaka ugali wa watoto ukaungua.

Jirani alikuja kutazama, akaketi na shangazi. "Fundi ni nani hapa?"

"Mimi, mama," Daktari akajibu, kabla sijaweka chini trei ya chai.

"Na huyu? Hakukusaidia?"

"Huyu!" Akacheka. "Huyu hata betri hajui inakaa upande gani. Tumemwambia akae mbali, asije akarushwa na umeme bure akatuvunjia vikombe."

Wakacheka wote watatu. Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nikamimina chai. Sikumwaga hata tone.

Kesho yake Daktari alipokwenda kusukwa nywele, niliupindua ubao. Nikafungua nyaya zote na kuzipanga upya: njia moja, taa tatu zikifuatana. Hivyo zingegawana nguvu zikafifia, basi nikatoa betri nne kwenye redio ya jikoni, nikaziunga na zile mbili za mwanzo, nikazifunika. Taa zikawaka vilevile. Kwa macho, usingeona tofauti.

"Redio nayo imekufa?" shangazi alilalamika.

"Imekufa, shangazi."

Nilikuwa nimelifikiria jambo lile mpaka mwisho wake. Ili Daktari aseme nimeuharibu ubao, ingembidi kwanza aseme niliutengeneza, maana asiyejua betri hawezi kupanga nyaya upya. Nilitaka anishtaki. Nilitaka aninyooshee kidole mbele ya ukumbi mzima. Ningechapwa, ningefukuzwa, lakini ningekuwa nimetajwa.

Sasa, pale ukumbini, balbu ikatoka. Nyumba zote tatu zikazima.

"Kumbe jirani wana habari!" mtu akapiga kelele, ukumbi ukaangua kicheko.

Mwamuzi aliugeuza ubao. "Hizi zimefuatana. Na betri sita! Nani ameunga hivi?"

Daktari alifuata waya kwa kidole, nyumba hadi nyumba. Kisha akainua macho, akanitafuta katikati ya watu, akanipata. Alijua. Midomo yake ikafunguka.

"Sema, mwanangu," shangazi akamhimiza kutoka safu ya mbele.

Nilinyoosha mgongo. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nyumba ile, nilitaka watu wote wageuke wanitazame.

"Ni mimi," alisema Daktari. "Nimekosea mwenyewe."

Mwamuzi akampigapiga begani. Anayekiri kosa lake, akasema, huyo ndiye atakayekuwa fundi. Watu wakampigia makofi, na shangazi akasimama ili ayapige vizuri.

Zile siku tisa nilimpa kwa mikono yangu. Ile ya kumi, ya ubaya, ndiyo pekee niliyotaka iwe yangu. Nayo aliichukua.