Mstari wa Mtama

Naftaly husali akiwa amefumba macho kabisa, kama malaika, na mimi nitamchukia mpaka niingie kaburini. Nasema waziwazi, anayetaka kumpelekea maneno haya ampelekee. Mimi ni Angeline, mdogo wake Joyline, na Naftaly ni shemeji ya Joyline, ndugu wa marehemu mumewe.

Shamba la Joyline liko huku chini Mbeere, mahali wachoma makaa walimaliza kila kichaka mpaka kilimani. Mwaka aliofiwa, mbwa wa Naftaly walimkimbiza paa mpaka katikati ya shamba hilo, likiwa tupu, wakamrarua mbele ya macho ya dada yangu. Yule paa alizunguka akitafuta angalau kichaka cha kuingiza kichwa, hakuna. Ndipo Joyline akaapa kwamba shamba lake litakuwa na mahali pa kujificha.

Tulimcheka, mimi nikiwa wa kwanza. Ati mjane anapanda nyasi! Alizunguka barabarani na kilimani akikwangua kwa mkono mbegu za zile nyasi ndefu za kuezekea, nyasi za huku huku kwetu, akajaza magunia. Mvua ikikaribia, akakwaruza udongo juu juu, akamwaga mbegu, akazikanyagia kwa miguu, maana zikizama sana hazioti. Mwaka wa kwanza shamba lilikuwa kama kichwa cha mzee mwenye upara. "Zinashuka kwanza," aliniambia. "Mizizi." Mwaka wa tatu zilinipita kimo. Kwale wakarudi, na nyuma yao paa wawili, dume na jike, wakahamia humo.

Shida ilikuwa mbuzi. Huku kwetu, ukishavuna, shamba lako ni la mbuzi wa kijiji kizima mpaka mvua irudi. Nyasi hazihesabiwi kuwa mazao, nyasi ni za Mungu. Lakini mtama ukiwa bado umesimama, hata mstari mmoja, mbuzi akitia mguu humo mwenyewe anatozwa faini na wazee wa ukoo. Basi Joyline akapanda mstari wa mtama kuzunguka nyasi zake zote, na hakuuvuna. Masuke aliwaachia ndege. Kiangazi kilikuta mabua yamekauka kabisa, lakini yamesimama.

Naftaly akamshtaki kwa wazee. "Huyu mama anatuchezea!" alifoka. "Mbuzi wangu wanakonda wakitazama chakula!" Wazee wakaenda, wakaangalia, wakasema mtama umesimama na maneno yameisha. Alirudi kwake akichekwa hata na watoto. Mimi siku hiyo nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kiangazi cha mwaka huu yule jike akazaa. Joyline alimwona mtoto amelala ndani ya nyasi, hamfikii paka kwa ukubwa, akanikataza hata kupita upande ule. "Mvua ikirudi atakuwa anakimbia vizuri," alisema. "Nataka afike hapo tu, Angeline. Sitaki kingine."

Kabla hata wingu halijaonekana, kidole tumbo kikamwangusha. Nikampeleka hospitali Embu, akapasuliwa, nikakaa naye. Kila asubuhi aliuliza habari za mtama. Nikampigia simu Cicily, mke wa Naftaly, naye akanijibu kwa sauti ya asali, "Mwambie apone. Kanisa haliwezi kumwacha mgonjwa." Nikamweleza Joyline, akalala vizuri siku hiyo.

Tuliporudi, gunia la mtama lilikuwa mlangoni, limeshonwa mdomo, na uwanja umejaa wamama wa kanisa wakiimba. Walikuwa wamemvunia. Mgonjwa akilala, majirani humvunia, ndiyo desturi, na hakuna anayeikataa. Naftaly ndiye aliyewaita, na visu alileta yeye. Wale wamama, maskini, walikuwa na furaha ya kweli.

Nyuma yao nikaona mpaka kilimani, moja kwa moja, bila kizuizi. Mbuzi walikuwa ndani. Nyasi zilikuwa vishina, na maganda ya mayai ya kwale yametapakaa kwenye samadi.

"Karibu nyumbani, shemeji," Naftaly akasema. "Tumekusaidia."

Joyline alishika kidonda chake.

"Wanasema shukrani ya punda ni mateke," akaongeza, akitabasamu. "Lakini wewe si punda."

Na anayevuniwa hupika, hiyo nayo ni desturi. Dada yangu, nyuzi bado ziko tumboni, akawasha moto wa chai. Nikamwambia akae nipike mimi, akanisukuma. Wale wamama walitoka mbali, alisema, na hawana kosa. Cicily akaingia jikoni na bakuli lililofunikwa.

"Supu," akasema. "Unywe uongeze damu. Nyama laini, haikumaliza hata kuni."

Joyline akafunua. Mguu uliokuwa humo haukuwa mnene kuliko kidole changu. Akafunika, akaliweka bakuli chini polepole, akarudi kwenye chai. Haki ya Mungu, nilishika ile sufuria ya chai nimmwagie Cicily usoni! Joyline akanishika mkono.

"Tuna wageni," akasema.

Wakanywa. Kisha Naftaly akasimama kuomba. Alimwomba Mungu amponye shemeji yake, aubariki mtama, aibariki na mikono iliyovuna. Katikati ya maombi tukasikia mluzi kule shambani, mwembamba, halafu tena, karibu zaidi. Alikuwa yule paa jike. Alikuwa akizunguka kwenye vishina akimtafuta mtoto wake. Mbwa wa Naftaly, waliokuwa wamelala mlangoni, wakainua masikio.

Naftaly akafumbua jicho moja, akawatazama.

"Amina," akasema, ombi likiwa nusu, na mbwa wakatoka mbio.

Dada yangu akainua birika. Akauliza nani aongezwe chai, akauliza tena kwa sauti kubwa, na akaendelea kuuliza mpaka kule nje kukawa kimya.